Vipimo vya Fundi Kesho

Alama ya kwanza ilimtokea Fundi shingoni, saa nne za asubuhi, akiwa ameinamia cherehani. Ilikuwa ni mstari. Haikuwa kipele wala ukurutu, wala harara za jasho ambazo kila mtu huzipata akivaa kola ya nailoni. Mstari mmoja mwekundu uliovimba, umenyooka kutoka nyuma ya sikio hadi ncha ya bega, unawasha kuliko upupu. Akajikuna, akanawa, akajikuna tena. Ilipofika adhuhuri ulikuwa umekwisha bila kuacha hata kivuli, naye akashona suruali mbili na kusahau.

Watu walimwita Fundi Kesho, na jina hilo alilitolea jasho. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo hata waliomchukia walikubali. Nguo yake ilimkaa mtu kama amezaliwa nayo. Tabu ilikuwa ahadi. Ukimfuata Jumatatu atakwambia kesho, ukimfuata Jumanne atakushangaa kwa nini hukuja jana, kisha atakwambia kesho. Yupo bwana harusi aliyefunga ndoa akiwa na koti lililoshikiliwa begani na pini tupu, akaonywa asiinue mkono wa kushoto siku nzima, na kwenye picha zote anaonekana kama aliyepooza. Fundi mwenyewe alikuwa akisimulia kisa hicho na kucheka hadi machozi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyejua kumwambia mteja hapana, basi.

Mstari ukarudi siku ya pili, ukaja na mwenzake. Baada ya mwezi Fundi alikuwa hapitishi siku bila mabaka, leo mgongoni, kesho kiunoni, yanavimba, yanawaka moto, yanakaa saa mbili tatu na kuondoka. Kilichomvunja moyo hasa si mwasho. Ni kwamba chochote kilichomgandamiza kiliyaamsha: mkanda wa suruali, tepu ya kupimia aliyozoea kuivaa shingoni, mto wa kulalia. Jioni moja mkewe alimkumbatia mlangoni, kama alivyofanya kila siku kwa miaka minne ya ndoa yao, na kabla chai haijapoa mgongo wa Fundi ulikuwa umechorwa mikono miwili, na vidole vyote kumi unavihesabu. Mkewe alipoviona alilia kana kwamba amempiga.

"Sikukubana hata," alisema. "Haki ya Mungu sikukubana."

"Najua, mke wangu."

Toka siku hiyo mkewe akahamia kwenye godoro la chumba cha pili. Akimletea kikombe alikiweka mezani, asije akamgusa vidole. Waliongea vizuri, walitaniana, lakini na meza katikati yao kama watu wa ofisini. Fundi alijua anachokitaka. Hakutaka ngozi nzuri wala usingizi mrefu. Alitaka mkewe amshike tena.

Dada yake mkubwa alikuwa wa kwanza kuleta tiba, na alizileta kwa kikapu. Wiki hii shubiri ya kupaka, wiki ijayo majani ya kuogea, wiki inayofuata magadi. Akamkataza mayai, akamkataza samaki, akamkataza nyanya, karanga, maziwa na sabuni ya kunukia.

"Sasa nile nini, dada?" Fundi aliuliza.

"Kula wali."

"Mtupu?"

"Mdogo wangu, unataka kupona au unataka mchuzi?"

Alikula wali mtupu wiki tatu, akakonda hadi ikabidi ajipunguzie suruali zake mwenyewe, na mistari ikaendelea kuja. Ndipo mkewe akamshika mkono, yaani akashika shati lake kwa ncha za vidole viwili, akampeleka kwa daktari wa ngozi.

Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Fundi alifika amevimba kifua kizima. Jina lake lilipoitwa, alifungua vifungo vya shati na ngozi ikawa safi kama ya mtoto mchanga.

"Iko wapi hiyo mistari?" daktari aliuliza.

"Ilikuwepo, daktari. Imeondoka kwenye foleni."

Fundi alitegemea kuchekwa, lakini daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeisikia habari hiyo mara mia. Akatazama picha kwenye simu ya mkewe. Akachukua kalamu, akaigeuza, akapitisha kitako chake juu ya mkono wa Fundi, mstari mmoja, wakasubiri. Hakikutoka kitu.

"Huu ni mzio wa ngozi wa muda mrefu," alisema. "Mara nyingi hatujui unaletwa na nini. Hauui, lakini unachosha mtu. Hivi vidonge utameza kimoja kila siku, uwashwe usiwashwe. Usisubiri mwasho uje ndipo umeze. Ukinywa kwa kurukaruka havitakusaidia. Baada ya mwezi uje tuangalie kama tuongeze."

"Nitaanza kesho, daktari."

"Anza leo, bwana."

Mkewe aliangua kicheko, daktari asijue kinachochekesha. Lakini walipokuwa kwenye korido wakielekea dirisha la dawa, Fundi alihisi mwasho mkononi, akakunja shati. Mstari ulikuwa umetoka. Haukutoka pale ilipopita kalamu ya daktari. Ulitoka upana wa kidole kimoja juu yake, sambamba, umenyooka vizuri zaidi, kama vile mtu ameona ule wa daktari umepinda akauchora upya. Fundi aliteremsha shati haraka. Hakumwambia mkewe, kwa sababu alikuwa bado anacheka, na ilikuwa muda mrefu hajamwona akicheka hivyo.

Vidonge vilisaidia, tusivisingizie. Wiki ya kwanza mistari ilikuja hafifu, imekatikakatika. Wiki ya pili ilipita siku nne nzima bila hata mmoja, na mkewe akaweka kiganja juu ya bega lake kwa muda wa kuhesabu tano, wakangoja wote wawili wakiwa wamebana pumzi, na hapakutokea kitu. Mtu mwingine angeendelea. Fundi akaona amepona, tena kidonge kilikuwa kinamtia usingizi kwenye cherehani, akasema leo apumzike, atameza kesho. Alipumzika siku tisa. Siku ya kumi akiwa peke yake kibandani, umeme umekatika, pasi imepoa, mwasho ulimshika mwili mzima kwa pamoja hadi akaangusha mkasi.

Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mbele tu. Mbele kulikuwa na cherehani anayoitumia, katikati meza ya kukatia, na ukutani cherehani ya pili ya marehemu mwalimu wake, imefunikwa shuka miaka yote kwa sababu ilikuwa imekwama. Nyuma kabisa alikuwa ameziba kona kwa pazia, mahali pa wateja kujaribishia nguo, akaweka humo vioo viwili vinavyotazamana ili mtu aone mgongo wake. Fundi akaingia humo, akavua shati, akajitazama mgongo kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaanze.

Alitazama kwanza kama mgonjwa. Kisha, bila kutaka, akatazama kama fundi.

Mstari wa bega ulianzia shingoni ukaishia pale hasa bega linapoishia. Ukashuka mwingine kuzunguka kwapa. Kiunoni palikuwa na vimikunjo viwili vya kubana, kulia na kushoto, vya urefu mmoja. Kwenye vifundo vya mikono mistari ilikwenda miwili miwili, wa nje wa kukatia na wa ndani wa kushonea. Chini ya koo, katikati, palikuwa na msalaba mdogo pa kutobolea tundu la kifungo. Na chini kidogo ya bega la kushoto, lile linaloshuka kuliko la kulia na ambalo yeye hulirekebisha kila akijishonea, palikuwa na vipande viwili vifupi vilivyolala upande. Alama hiyo maana yake ni punguza hapa. Mwalimu wake ndiye aliyeibuni na mwanafunzi wake alikuwa mmoja tu. Hakuna fundi mwingine aliyeijua.

Alisimama kati ya vioo viwili, na ma-Fundi wengine wengi wakasimama naye, wote wamechorwa, mpaka mwisho wa kioo.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye daftari la vipimo. Alilifunua kurasa nyuma, akapita bwana harusi, akapita sare za shule, hadi akafika ukurasa wa miezi kumi na moja iliyopita ambapo vipimo vilijaa kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na mahali pa jina hakuandika jina. Aliandika: *mimi*.

Ikamrudia. Ilikuwa mchana kama huu, umeme umekatika kama hivi. Mteja aliingia amejitanda kitambaa hadi machoni, na pamoja naye ikaingia harufu ya sufi mbichi iliyopigwa pasi ya moto. Sura ya mteja huyo Fundi hakuweza kuikumbuka hata akijikamua. Alikumbuka kitambaa alichokileta: cheupe, laini, chenye uvuguvugu, tena hakikuwa na upande wa nyuma. Alikigeuza mara tatu kutafuta nje ni wapi na ndani ni wapi, akashindwa.

"Ni ya mtu asiyeweza kuja," mteja alisema. "Mwili wake ni kama wako, fundi. Jipime wewe."

Mafundi husikia maneno hayo kila wiki. Mtu anamshonea kaka yake aliye mbali, anatazama huku na huku, anamwona fundi mwenyewe analingana naye. Kwa hiyo Fundi alijipima, na pale mkono wake usipofika mgongoni, mteja alimshikia ncha ya tepu. Kidole kilichomgusa kilikuwa cha baridi, na kilikawia kidogo kuondoka.

"Itakuwa tayari lini?"

"Kesho," Fundi alisema.

Mteja alikuja kesho. Akaja kesho ya pili. Alikuja siku ishirini, daima mchana, daima bila hasira, na kila siku Fundi alimpa jibu lile lile huku akijua kwamba kitambaa hakipo, kwani siku ya nne aliishiwa bitana akakikata chote kikawa mifuko ya suruali za watu. Siku ya ishirini na moja mteja alisimama kwenye kizingiti.

"Usisumbuke tena, fundi," alisema kwa upole. "Nitaishona mwenyewe. Vipimo ninavyo."

Na Fundi, Mungu amsamehe, alishusha pumzi ya raha.

Alimsimulia mkewe jioni hiyo, meza ikiwa katikati yao, sauti ameishusha kama mwizi. Mkewe hakubisha wala hakucheka. Alimwambia avue shati, akazunguka nyuma yake.

"Hapa begani pana viwili vifupi," alinong'ona. "Ndivyo hivyo unavyochora kwenye nguo zangu."

"Ndivyo."

"Atashona kwa kitambaa gani, na chake ulikikata?"

Fundi alivaa shati lake. Mkewe naye akaziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu swali alikuwa amelijibu wakati anauliza.

Aliyewasaidia alikuwa msusi, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ambaye watu walikwenda kusukwa nywele na baadhi yao wakarudi baada ya saa za kazi kutolewa pepo waliowapanda. Alimsikiliza Fundi huku akichambua nywele za bandia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akawa hana utani.

"Kaka, wengine huja kwa sababu mtu kawakanyagia makao yao," alisema. "Huyu wako hakuja kwa ubaya. Alikuja kama mteja, akataka nguo, ukamwahidi. Huwezi kumfukuza mteja anayekudai samahani. Mshonee nguo yake."

"Kitambaa chake sinacho, dada."

"Chukua cheupe kilicho bora kuliko vyote mlivyonavyo. Vipimo vile vile. Ukianza usitoke kibandani mpaka umalize, usilaze kazi, usifanye ya mtu mwingine. Siku ya tatu, saa saba mchana, tutamkabidhi. Na vidonge vya daktari meza, mimi sijakukataza. Kila mtu na kazi yake."

Mkewe alitoa kitambaa alichokiweka kabatini tangu harusi yao, kilichokuwa kikingoja siku Fundi atakapopata nafasi ya kumshonea. Vidonge alivifunga kwenye leso akavitia mfukoni mwa mumewe. Fundi alivikuta mfukoni mle mle siku ya tatu, hajameza hata kimoja.

Alikata asubuhi ya kwanza, na hakuwahi kukata vizuri namna ile. Mlango ulirudishwa, dirisha halikuwepo, chakula mkewe alikipitishia mlangoni na kumwambia maneno mawili matatu kupitia ubao. Alipokaa kwenye cherehani na kushona mshono wa kwanza, wa bega, alisikia mwasho wa begani ukitulia. Akajipapasa. Mstari wa bega ulikuwa umekwisha. Akashona kwapa, na mstari wa kwapa ukafutika. Fundi alilia kwa furaha pale pale, machozi yakimdondokea kitambaani.

"Inafanya kazi!" alimpigia kelele mkewe. "Mke wangu, inafanya kazi!"

"Shona!" mkewe akamjibu kutoka nje, naye analia. "Shona usisimame!"

Siku ya pili ndipo alipoanza kuisikia ile cherehani nyingine. Mwanzoni alidhani ni mwangwi wa yake, maana zilikwenda pamoja, mshono kwa mshono, hadi pale aliposimamisha mguu na ile ikaenda mishono miwili zaidi kabla ya kunyamaza. Aligeuka. Cherehani ya mwalimu wake ilikuwa chini ya shuka lake, imetulia, na vumbi juu ya shuka halikuwa limeguswa. Akashona tena, nayo ikashona. Akasimama, nayo ikaenda miwili na kusimama. Akajiambia ni mteja huyo, amekuja kungoja, ana haki ya kungoja, na akaongeza kasi. Harufu ya sufi iliyoungua ilijaa kibandani hadi macho yakawa yanachuruzika, na kila alipovuta uzi mkononi mwake alihisi uzi mwingine, mwembamba mno, ukivutwa mahali fulani chini ya ngozi yake, ukipita polepole kutoka kwapani kuja kiunoni, haukuuma, haukuwasha, ulipita tu, kama unavyopita uzi kwenye kitambaa kilichokubali, na alitaka kusimama akimbilie mlangoni lakini msusi alisema ukianza usitoke, na mstari mwingine ulikuwa umefutika, na mwingine, na nje ya ubao ule mkewe alikuwa amekaa chini kwenye vumbi akimngoja kwa mikono ambayo hajamkumbatia nayo kwa miezi saba, kwa hiyo alishona, akashona, akashona, na cherehani ya nyuma ikashona pamoja naye, na sasa alipopunguza mwendo haikupungua, ilikuwa imemtangulia.

Siku ya tatu kabla ya saa saba alikata uzi wa mwisho. Nyuma yake pia ulikatika uzi, akausikia.

Msusi aliingia na chetezo cha ubani, mkewe nyuma yake. Fundi aliitundika nguo ile nyeupe ndani ya kona ya kujaribishia, akavuta pazia. Wakasimama watatu wakiegemea mlango.

"Mteja," msusi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Nguo yako hii hapa. Fundi amekosa, amechelewa, anaomba radhi. Ichukue uende kwa amani, usirudi kwa mtu huyu."

Moshi wa ubani uliokuwa ukipanda wima ukalala upande. Vipete vya pazia vikasogea kimoja kimoja kwenye fimbo yake. Chini ya pazia palikuwa na nafasi ya shubiri moja ambapo miguu ya wateja huonekana, na hawakuona miguu, ila walisikia mtu anavua, na kitambaa kinaanguka, na kimya cha mtu anayejitazama. Mkewe alikuwa ameuma ukingo wa ushungi wake. Kisha ile harufu ikaisha mara moja, na moshi ukapanda wima tena.

Msusi alifungua pazia. Kiango cha nguo kilikuwa kitupu.

Hapo palikuwa na vilio na vicheko, na msusi aliyerudiwa na maneno yake akadai ashonewe suti bure maisha yake yote, na Fundi akasema hata kesho, wakamzomea wote wawili. Alikwenda nyumbani akitembea katikati ya barabara kwenye jua bila kujikuna hata mara moja. Mwilini hapakuwa na mstari, hapakuwa na mwasho, hapakuwa na joto. Alilala alasiri hiyo kama gunia, akaamka asubuhi.

Mkewe alikuwa amempelekea maji ya kuoga. Fundi alijimwagia makopo mawili ndipo akaona mvuke, akaona na kifua chake kimekuwa chekundu kama nyama. Maji yalikuwa yametoka jikoni sasa hivi, hayajachanganywa. Akatumbukiza mkono kwenye ndoo. Aliona maji yakifika kwenye kiwiko, lakini hakuyasikia.

"Nisubiri nichanganye na ya baridi!" mkewe alikuwa akiita kutoka jikoni.

Akajifuta, akavaa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye kola, akaigusisha kwenye kiganja, akaisukuma. Iliingia hadi nusu. Haikutoka damu. Alichokihisi ni mguso mdogo, wa mbali, kama anayegongwa na mtu akiwa amevaa makoti mawili.

Mkewe aliingia akiwa amekumbatia kitu kifuani, anatabasamu.

"Wewe nawe, si ulisema ameichukua? Nimeikuta kwenye kiti cha mlangoni, imekunjwa vizuri, na pini zake zote."

Ilikuwa ile nguo nyeupe. Haikuwa na mkunjo wa kuvaliwa. Fundi aliitazama, na akili yake, iliyokuwa nzito tangu alipoamka, ikaanza kwenda hatua kwa hatua, kama anavyoikagua nguo ya mteja. Mteja aliijaribu hii, hakuitaka. Kama hakuitaka, deni halikulipwa. Kama deni halikulipwa, mistari ilifutika kwa sababu gani? Na jibu alilijua kabla hajamaliza kujiuliza, maana alilifanya kwa mikono yake kila siku kwa miaka ishirini. Fundi huchora chaki ili akate na kushona. Akishapita mshono hana haja nayo tena. Huchukua brashi, akafuta chaki yote, nguo ikawa safi, akampa mwenyewe avae.

"Mke wangu," alitaka kusema, "kimbia umwite daktari, mwite msusi, mwite dada, nishike kabla sijaondoka." Alisikia maneno hayo yote yakipita kichwani, akayasukuma kuelekea mdomoni, na mdomo haukufunguka.

Mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe. Ulinyooka mbele, ukajikunja kwenye kiwiko, ukanyooka tena, taratibu, jinsi mtu anavyojaribu mkono wa nguo mpya kuona kama unabana. Mkono wa kulia ukaja, ukalainisha ngozi ya begani kwa kiganja, mara mbili haraka. Bega la kushoto, lile lililoshuka tangu utotoni, likapanda likalingana na mwenzake. Kisha mwili mzima ukasimama na kugeuka kuelekea kioo cha kabati, na Fundi akajiona kutoka mahali palipo nyuma sana ya macho yake, penye giza na uvuguvugu, pasipo na nafasi ya kugeuka. Alipiga kelele. Kelele ilibaki naye humo.

"Vipi?" mkewe aliuliza, tabasamu likianza kuingiwa na wasiwasi. "Mbona umesimama hivyo? Unawashwa?"

"Hapana," ilisema sauti ya Fundi, kwa upole ambao haukuwa wake. "Siwashwi tena. Nimepona."

"Kweli?"

"Nishike uone."

Mkewe alitupa ile nguo kitandani. Alikuja akakaribia, akasita mara moja tu, kwa mazoea ya miezi saba, kisha akamkumbatia kwa mikono yote miwili na kujilaza kifuani pake akilia, akambana kwa nguvu zake zote. Na Fundi aliuona utosi wake, akaona mabega yake yanavyotikisika, lakini mikono yenyewe hakuisikia.